Mama Saturnina na Jiwe la Qenqo

Nayda uko wapi?? Shika simu!

Nimeumbuka mbele ya watalii wangu wote.

Nipo hekaluni Qenqo, nawaeleza jinsi makuhani wa Inka walivyomimina chicha, ile pombe ya mahindi, kwenye ule mfereji uliochongwa mwambani. Ikienda kulia ni ndiyo, kushoto ni hapana. Mara Mama Saturnina huyo, mamake Edilberto, chupa ya chicha mkononi! Na Edilberto nilimwacha Jumapili, si unajua.

Akapaza sauti: "Wewe mwamba, huyu binti ataolewa na mwanangu?" Akamimina. Kushoto. Moyoni nikalibusu jiwe.

"Halijasikia." Akamimina tena. Kushoto!!

Mara ya tatu akavua kofia, akazibia njia ya kushoto. Kofia, Nayda! KOFIA! Chicha ikaenda kulia, watalii wakapiga makofi, mmoja analia kabisa.

Nikamvuta pembeni. "Mama, kwani Edilberto hajakwambia? Tumeachana."

Akaikamua kofia yake taratibu, wala hana wasiwasi.

"Kaniambia, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja kuliuliza jiwe. Wewe sijakuuliza."