Kabichi kwa Kihispania

Jumatatu, 3 Februari
Mkuu kanibebesha Kihispania! Darasa la kwanza. Eti shule jirani wana Kifaransa, lazima tuwapite. Nikasema mimi ni mwalimu wa hesabu, Kihispania nimekisikia kwenye tamthilia tu. "Basi unakijua," akanijibu. Mada: chakula ukipendacho na usichokipenda. Ijumaa wazazi waje kusikiliza.

Jumanne, 4 Februari
Me gusta — napenda. Wakaitamka kinyonge. No me gusta — sipendi. Paa nusura ling'oke! Nikachora mkate, samaki, tufaha. Yule binti tunayemwita Wakili, kwa kubisha kwake, akauliza kabichi inaitwaje. Nikatazama kwenye simu. Repollo. Laiti simu ingeisha chaji!

Jumatano, 5 Februari
Mchana kabichi, kama jana, kama mwaka jana. Maji matupu. Mpishi ni shemeji yake Mkuu, hagusiki. Darasa zima likasukuma sahani: "No me gusta el repollo!" Mpishi akaniuliza wanasemaje. Wanashukuru, nikasema. Maskini — akawaongezea.

Alhamisi, 6 Februari
Mpishi sasa anatusalimia kwa maneno hayo hayo. Mkuu kaagiza sentensi iandikwe kwa rangi juu ya mlango wa bwalo. Nimeiandika mimi. Mume wangu kacheka hadi kapaliwa. Eti nianze kutafuta kazi.

Ijumaa, 7 Februari
Bwalo limejaa wazazi. Mkuu akawaeleza: hizi ndizo shukrani za watoto wetu. Sahani zikafika, watoto wakapaza sauti. Makofi! Mama yake Wakili peke yake hakupiga. Kumbe ni mkalimani wa Kihispania! Akasoma maandishi mlangoni. Akaonja kabichi. Akamtafsiria Mkuu, polepole, neno kwa neno, kila mtu anasikia. Kisha akamuuliza bintiye mbona nyumbani hajawahi kusema.

"Hapa tukisema sipendi, tunaambiwa hatuna adabu," Wakili akajibu. "Kwa Kihispania tunapigiwa makofi."

Mkuu akanigeukia. "Mwalimu, hebu tueleze."

Nikasema naenda kuchukua kamusi. Kamusi hatuna. Niko stoo, naandika nimekalia ndoo ya rangi. Huko nje viti vinaburutwa, Mkuu ananiita kwa jina langu kamili.

Mlango umegongwa. Si Mkuu — ni mpishi.

"Mwalimu," anasema, taratibu kabisa, "na ile Jumatano? Hata ile hawakushukuru?"