Mwenye Kisima Haombi Mfereji

Penrith, Sydney

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi hii ya mwezi wa saba? Elisha anakuchotea maji, au mwanao huyo yuko na simu tu? Mimi ni mzima. Huku tumefungiwa tena kwa sababu ya corona. Natembea na barua ya ruhusa mfukoni ili nifike kazini Wetherill Park, na mipaka ya nchi bado haijafunguliwa. Ningekuwa nimeshakuja.

Kazi ni ileile. Wakulima wanaleta chupa za maji ya mifereji na visima, nami napima kama yanafaa kumwagilia. Wiki iliyopita nilimpigia mzee mmoja kumwambia kwamba maharage yake yameuawa na chumvi ya kisima chake. Akalia. Nilipokata simu nikaingia stoo, nikalia kumzidi. Mama, mimi ninayepima maji ya wageni sikuwahi kupima ya baba.

Ndiyo maana nilituma kile kipimo kidogo cha chumvi kwa posta. Elisha amenirekodia video: maji ya mfereji ni mazuri, ya kisima chetu yana chumvi mara tano ya hayo. Sasa mkumbuke Mwenyekiti wa mfereji siku aliyotunyang'anya zamu ya maji. "Mwenye kisima haombi mfereji," alisema, na zamu yetu akampa mkwewe. Baba akamwagilia kwa kisima, maharage yakaungua misimu miwili. Kwenye mazishi ya baba, mimi nikitazama kwa simu, akasimama mbele ya jeneza akasema marehemu alikuwa mtu mwema ila kilimo kilimshinda.

Umeniambia nimsamehe. Sitaki, Mama. Nitasamehe nikizeeka.

Kwenye kumbukumbu ya mwaka atakuja, maana hakosi penye nyama. Elisha ampe kipimo akishike mwenyewe, apime chupa mbili, ya mfereji na ya kisima, asome namba kwa sauti mbele ya watu, kisha aandike na kutia sahihi. Huku ndivyo tunavyofanya, ili mtu asije akaruka baadaye. Zamu yetu atairudisha siku hiyohiyo.

Nisalimie shangazi anayekukanda magoti. Msalimie na mke wa Elisha, maana yeye ndiye atakayepika chai. Ya watu wote apike kwa maji ya mfereji. Ya Mwenyekiti, kwa maji ya kisima. Akikunja uso, wewe mwambie kwa upole wako uleule, "Kunywa tu, Mwenyekiti. Mwenye kisima haombi mfereji."

Mwanao, nisiyesahau,
Neema