Orvell Tatum, Bwana Shamba Aliyeondoka Bila Wosia

Umetimia mwaka mmoja, Baba, tangu asubuhi ile ya Mei ulipoinama kuchota udongo na usiinuke tena.

Ulikuwa kwenye shamba la mfano la chuo. Wanafunzi kumi na mmoja wa kilimo walikuwa wamekuzunguka, wakidhani unaunusa udongo kama kawaida yako. Ilipita dakika nzima kabla mmoja wao hajakugusa bega. Daktari alituambia moyo ulisimama kabla goti halijafika chini. Ulikuwa na miaka sabini na miwili.

Kwa miaka thelathini na minne chuo kikuu kilikutuma kwa wakulima Weusi wa kaunti yetu hapa Arkansas, wale wenye ekari thelathini, arobaini, themanini, ambao baba zao walizoea kuambiwa kwenye madirisha ya ofisi za mikopo ya kilimo kwamba fomu zimekwisha. Kwenye karatasi, kazi yako ilikuwa kupima udongo na kufundisha kilimo cha viazi vitamu, bamia na kunde. Kwa kweli kazi yako ilikuwa kukaa barazani kwa watu mpaka wakuamini.

Hukukataa sahani ya mtu. Siku nyingine ulikula chakula cha mchana mara tatu, kambare wa kukaanga kwa huyu, mboga na mkate wa mahindi kwa yule, kisha ukarudi nyumbani ukala na cha Mama ili asijue. Mama alijua. Alikuwa akikupimia kijiko kimoja tu, anakutazama unavyohangaika nacho.

Uliimba kanisani kwa sauti iliyopotea njia tangu ubeti wa kwanza, na mchungaji hakuthubutu kukuambia. Ulimenya pichi kwa kisu kilekile ulichokatia miche. Kila mtu mliyeonana naye ulimuuliza mambo mawili: mvua kwake ilikuwaje, na je, ameandika wosia.

Maana uliona mashamba yanavyokwenda. Mzee anakufa bila wosia, ardhi inabaki kwa jina lake, watoto wanazaa wajukuu, wajukuu wanatawanyika Chicago na Detroit. Siku moja mjukuu mmoja asiyejua hata lango liko wapi anauza fungu lake kwa mgeni, mgeni anakwenda mahakamani, na shamba zima linapigwa mnada. Ulisema, "Asiyeandika wosia ameandika ugomvi." Tulilisikia neno hilo mezani mpaka tukawa tunalimalizia kwa niaba yako.

Wengi watakukumbuka kwa shamba la Mzee Lucious Bracy. Alikuwa amekaribia themanini, mkali kama pilipili, na hakumpenda mtu yeyote mwenye karatasi mkononi. Mara ya kwanza alikuacha umesimama nje ya lango.

"Chuo kikuu hicho kimekuja," alisema. "Leo mmeniletea nini, karatasi au kalamu?"

"Sijaleta kitu, mzee. Nimekuja kuona matikiti yako."

"Umeshayaona. Barabara ni hiyo uliyojia."

Ulirudi mara sita. Ya saba ulikwenda na Tamesha Rowe, mwanafunzi wako, binti wa mjini aliyekulia ghorofani na hakuwa ameshika jembe mpaka mwaka ule. Mzee Bracy alimtazama akipalilia mstari mmoja, akatikisa kichwa.

"Huyu binti analishika jembe kama kipaza sauti."

"Basi nifundishe, Babu," Tamesha akamjibu bila kuinua kichwa, "kabla sijaanza kuimba."

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. Siku hiyo mlikaribishwa barazani, na kumbe barua ya mahakama ilikuwa imelala juu ya friji lake wiki tatu. Binamu yake alikuwa ameuza fungu. Shamba lilikuwa bado kwa jina la babu yake, aliyezikwa mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nane.

Walihitajika warithi kumi na tisa wa kutia saini kwamba shamba libaki. Uliwatafuta mmoja mmoja kwa gari lako. Wa mwisho alikuwa dada yake Mzee Bracy, amelazwa hospitalini kule Gary, mbali kaskazini, na kesi ilikuwa Jumatatu. Ulifika Gary Ijumaa jioni. Jumamosi mchana dada huyo akapata nguvu ya kushika kalamu. Shamba la Bracy lipo mpaka leo, na matikiti yake yanauzwa mpaka Memphis.

Sasa tuseme la kwetu, Baba, maana hukupenda watu wanaopamba.

Baada ya mazishi tulitafuta wosia wako. Tulitafuta kwenye Biblia kubwa, kwenye droo, hata kwenye friji la nyama ambako Shangazi Velma huweka vyeti vyake. Tamesha alipekua ofisi yako, akatuletea sanduku. Ndani mlikuwa na nakala za wosia wa familia arobaini na moja, zimepangwa kwa majina. Wako haukuwamo. Zaidi ya hapo, ekari sitini ambazo sisi sote tulidhani ni zako zilikuwa bado kwa jina la Babu Tatum.

Mama alilipitia sanduku lote mara mbili. Hakulia. Alisema, "Mganga hajigangi," akaenda kuosha vyombo.

Mwezi wa Agosti Jarvis akapiga simu kutoka Dallas. Jarvis ni mtoto wa marehemu kaka yako Roscoe, na tulikuwa tumeonana naye mara mbili maishani. Alisema kuna mtu anataka kununua fungu lake, na ameona atuarifu kwa adabu kabla hajauza.

Lamar, mwanao, alitaka kumpigia tena amtukane. Dada yake Renita akamnyang'anya simu. "Ukimtukana atauza leo," alimwambia. "Usipomtukana huenda akauza kesho. Afadhali kesho."

Ikakubaliwa kwamba Renita na Lamar waende Dallas. Mzee Bracy alisikia habari hiyo kanisani. Asubuhi ya safari walimkuta ameketi kwenye kiti cha mbele cha gari la Lamar, amevaa suti na kofia, fimbo katikati ya magoti.

"Mzee, ni saa saba za kuendesha," Lamar alisema.

"Mimi nina miaka themanini na tano. Saa saba ni nini? Washa gari."

Jarvis aliwapokea vizuri. Mkewe aliwawekea chai ya barafu. Kisha Jarvis akasema moja kwa moja.

"Mimi sijawahi kupanda hata maua ya dirishani. Shamba lile linanihusu nini?"

Renita akaanza kueleza kama ulivyokuwa ukieleza wewe, mwanzo mpaka mwisho. Jarvis alimwachia amalize.

"Najua hayo yote," alisema. "Baba yenu alikuwa hodari wa kuzunguka nchi akikusanya saini za watu asiowajua. Kaka yake tumbo moja alipozikwa hapa Dallas, hakuja. Alituma maua. Mama yangu aliyatupa."

Renita na Lamar walitazama sakafu. Walijua. Mama alikuwa amewaambia, na uliomba jambo hilo lisitoke nje ya nyumba.

Ni Mzee Bracy aliyeuliza. "Baba yako alizikwa lini, kijana?"

Jarvis akataja. Jumamosi ya pili ya Machi, miaka sita nyuma.

Fimbo ya Mzee ilikuwa ikigonga sakafu taratibu, kisha ikaacha. Akamgeukia Renita. "Jumamosi ile alikuwa Gary, kwa dada yangu."

"Ndiyo, Babu."

"Alijua?"

"Alipigiwa simu Jumatano. Angekuja Dallas, Jumatatu ingemkuta bila saini ya dada yako."

"Na mimi nilimpokea Jumatatu ile pale mahakamani, nikamwambia amechelewa na tai yake imepinda." Mzee alivua kofia, akaiweka gotini. "Hakuniambia. Miaka sita ananilia chakula, hakuniambia."

Kisha akamgeukia Jarvis. "Kijana, mimi sitakuambia la kufanya na mali ya baba yako. Ila ujue aliyemzuia ami yako asije kumzika ndugu yake ni mimi na ekari zangu. Yeye hayupo kukuomba radhi. Nipo mimi. Nisamehe."

Jarvis alitoka nje, akakaa kwenye ngazi muda mrefu. Aliporudi alisema atafikiri, akawafungia kuku wa njiani. Hakutia saini siku hiyo, wala Septemba.

Hatuandiki haya kukutetea, Baba. Mama anasema ulipaswa kwenda Dallas, na mwanasheria angetafutwa aombe siku zaidi. Baba mdogo Thaddeus anasema mahakama ile haikuwahi kumpa mtu wetu siku zaidi. Wamebishana mwaka mzima kwa simu, Mama hapa na yeye Milwaukee, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Tunajua tu kwamba uliporudi kutoka Gary ulikaa garini uani mpaka chakula kikapoa, na kwamba hukuliimba tena pambio alilolipenda Roscoe.

Oktoba, gari la namba za Texas likaingia uani. Jarvis alikuwa na watoto wake wawili. Tamesha, ambaye sasa ndiye bibi shamba wa kaunti, aliwatembeza kwenye mpaka wote wa shamba, kutoka barabarani hadi tuta la mto. Watoto walichimba viazi vitamu kwa mikono na kubishana kiazi cha nani kikubwa. Jarvis aliuliza baba yake alilala chumba gani. Shangazi Velma akamwonyesha, na akamwambia kwamba Roscoe hakuondoka kwa kupenda: mwaka ule mavuno hayakutosha vinywa vyote, na yeye, kwa kuwa mkubwa, ndiye aliyeamua kupisha.

"Hakuwahi kutuambia hivyo," Jarvis alisema. "Alisema tu hapendi matope."

Akatia saini mwezi wa Desemba, na ndugu zake wawili wakamfuata. Alitoa sharti moja. Shamba sasa ni mali ya familia nzima kwa hati moja, halikatwi wala haliuzwi fungu, na mwanzoni mwa hati yameandikwa majina ya watoto wa Babu Tatum. Jarvis alitaka la baba yake litangulie yote. Mwanasheria alisema mpangilio hauna uzito wowote kisheria. Tuliuliza tu linaandikwaje, Roscoe kwa c au kwa k.

La kwanza ni la Roscoe, Baba. Lako ni la pili.

Unakumbukwa na mkeo Earlean, wanao Renita na Lamar, mkweo Corliss, wajukuu zako wanne, dada yako Velma, mdogo wako Thaddeus wa Milwaukee, Jarvis na nduguze wa Dallas, ambao wameomba majina yao yawemo, Tamesha Rowe na wanafunzi wako, na Mzee Lucious Bracy.

Hatutakusahau, siku zote tulizojaliwa.