Aliyepokea kwa Mikono Miwili

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Kangemi, Nairobi. Natumai mguu umeacha kukusumbua na ndama ananyonya vizuri. Mimi ni mzima, ila baridi ya Julai inatutafuna. Usishangae kupata karatasi. Simu unanikatia kila nikimtaja Oduor, lakini barua, nakujua, utaisoma hadi mwisho ndipo ukasirike.

Mjomba Wachira alikupigia akasema Oduor alianguka kifafa dukani kwake, nawe ukasema humwozi binti yako kwa mtu wa kuangukaanguka. Iliniuma sana. Kifafa ni ugonjwa kama mwingine, na hata angekuwa nacho ningeolewa naye. Lakini hana. Ulikuwa umeshakubali kwamba ni Mjaluo, ukasema mradi ana adabu. Basi sikia vile adabu hiyo ilimponza.

Unamjua kaka yako kwa mzaha. Pale River Road anapotengeneza pampu za maji ana mchezo wake. Ndani ya pampu kuna kikopo kidogo, kapasita, kinachohifadhi umeme hata pampu ikiwa imechomolewa. Anakichaji, kisha anawarushia mafundi wa jirani. Wanakidaka kwa mkono mmoja, wanaruka, wanatukana, duka zima linacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, nisikudanganye.

Siku hiyo nilimpeleka Oduor akamwamkie mjomba kabla ya wazee wao kuja kwako kuposa. Aliacha kitalu chake cha miche kule Kitisuru, akavaa shati la kanisani, akabeba sukari na majani chai. Mjomba alimpenda palepale, na nadhani ndiyo maana alimtania, maana asiyempenda hata hamsemeshi. Akamwomba amshikie kile kikopo. Hakukirusha, alimkabidhi, nyaya mbili zimechomoza huku na huku. Na Oduor, mbele ya mzee wa kwetu, akainama kidogo, akakipokea kwa mikono miwili, vile wewe ulivyotufundisha sisi.

Daktari alisema angeshika kwa mkono mmoja angeungua vidole tu. Kwa mikono miwili, umeme ulipita kifuani. Alianguka, kichwa kikagonga meza ya chuma, akatetemeka mwili mzima, nikajua nimeshampoteza. Mjomba alipiga magoti akiliita jina lake. Wee, sijawahi kuona mzee akilia hivyo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mungu ni mwema, moyo wake umepimwa na uko sawa, na wiki hii amerudi kwa miche yake.

Sasa lile lililonifunga mdomo. Uongo wa kifafa si Mjomba aliyeutunga. Ni Oduor. Akiwa kitandani hospitalini alimsikia Mjomba akisema hataweza tena kusimama mbele yako, akamwambia, "Mjomba, sema nilianguka kifafa tu. Mimi bado ni mgeni. Wewe ndiye utakayetusimamia kwenye ndoa." Na Mjomba, kwa aibu na woga, akaukubali. Nimewakasirikia wote wawili, Mama. Mmoja karibu aue, mwingine karibu anikoseshe ndoa kwa heshima zake. Lakini mtu wa kubeba aibu ya mzee asiye wake, nitampata wapi mwingine?

Barua hii nimemsomea Mjomba yote. Nilidhani atanikataza kuituma. Badala yake alisema nisipunguze neno, na kwamba ataileta mwenyewe. Kwa hivyo unaposoma hapa, ndiye yule aliyesimama nje ya lango. Amesema haingii mpaka umalize, na usipomkaribisha hatakulaumu.

Msalimie mdogo wangu Dedan na shosho, bibi yetu, na majirani wote wanaoniulizia. Ukimaliza, tafadhali mfungulie lango ndugu yako. Kuna baridi.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Nyawira