Kibao Chekundu na Alhamisi Tatu

Mshauri mpendwa wa gazeti, nakuandikia daftari langu likiwa wazi mbele yangu, maana nimezoea kuandika kila siku kwa tarehe yake, ila ukurasa wa tarehe 9 Februari ni mtupu mpaka leo.

Mimi ni fundi katika kiwanda cha sabuni, na kwetu mtu akitaka kuingia kusafisha mashine ya kuchanganyia hutundika kwanza kibao chekundu kwenye swichi ili wenzake wajue yumo ndani, na haruhusiwi mwingine kukitoa, na siku hiyo mimi, niliyewafundisha wengine sheria hiyo, nilikiona kibao nikadhani kimesahauliwa na zamu ya asubuhi, nikakitoa, nikawasha, kumbe shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yumo. Alipoteza vidole viwili. Amenisamehe, tena hunitania, “Shemeji, vilivyokatika ni vidole, siyo undugu, njoo tule,” lakini nikimwona ameshika kijiko kwa vidole vitatu nasingizia kwenda kufunga bomba uani.

Kazini nakagua swichi mara saba, mara nane, nikifika getini narudi tena, na tarehe 2 Aprili msimamizi akaniambia, “Fundi, wewe hukagui tena, unahangaika,” akanipangia kumwona mshauri wa saikolojia kila Alhamisi saa tisa alasiri, na nisipohudhuria sitarudishwa kwenye mashine.

Tarehe 5 nilikwenda, nikakaa kwenye benchi la nje, akapita mtu wa kiwandani kwetu, nikaogopa kuitwa kichaa, nikaondoka na kuzunguka sokoni hadi saa kumi na moja. Mke wangu alipouliza mshauri kasemaje, nikajibu amesema nilale mapema. Tarehe 12 ikawa vilevile, nikasema amesema nipunguze chai. Tarehe 19 hata benchi sikulifikia, na nilipomwambia mke wangu kwamba mshauri ameona nina nafuu, alilia kwa furaha, akasema, “Baba watoto, Alhamisi ijayo twende wote, nataka nimshukuru kwa mdomo wangu.”

Nimwambie ukweli, au nitafute sababu nyingine?

Fundi wa Zamu ya Mchana

JIBU

Fundi, pole, tena pole ya moyoni. Kumjeruhi mtu unayekula naye meza moja si jambo la kulimeza na chai ukaendelea na kazi.

Sasa niruhusu nikugombeze. Alhamisi tatu umejitibu mwenyewe, na dawa uliyojiandikia ni kulala mapema! Umeogopa maneno ya mpita njia, ukaona bora kumdanganya mwanamke anayekuombea upone.

Kwenda kwa mshauri wa saikolojia siyo ukichaa. Hatakufutia tarehe 9 Februari, na usimtegemee akumalizie kwa siku moja. Atakusaidia kuisimulia siku hiyo mwanzo hadi mwisho, mbele ya mtu ambaye huna haja ya kumwonea aibu wala kumwonea huruma. Atakufundisha pia la kufanya pale miguu inapotaka kukurudisha kwenye swichi. Unaogopa siri kuvuja? Muulize mapema kitakachomfikia msimamizi. Kwa kawaida ni kwamba umehudhuria, basi. Shemeji yako ameshakusamehe na anakungoja mezani. Aliyebaki uani ni wewe.

Leo, kabla ya chakula, mwambie mke wako habari za Alhamisi zote tatu. Atakasirika. Mwache akasirike, usijitetee. Kisha Alhamisi nendeni pamoja kama alivyotaka, yeye akae kwenye benchi, wewe uingie. Beba daftari lako. Mdomo ukigoma, fungua ule ukurasa mtupu umwonyeshe mshauri, mtaanzia hapo.

Sheria ya kiwanda chenu ni nzuri, nawe umewafundisha wengi: aliye ndani ya mashine hutundika kibao ili wenzake wajue yumo. Wewe umo ndani tangu Februari, hujatundika kitu, na nyumbani wanadhani umeshatoka.

Tundika kibao chako, Fundi. Leo.