Nimeficha Nyaya za Plagi Ili Mke Wangu Asiende Kuiona Volkano

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba haraka, maana mke wangu amebakiza pazia moja tu, la dirisha la nyuma la gari letu la safari, na akishamaliza kulishona sina kisingizio tena, vyote nimeshavitumia, na siku hizi ananitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyepitiliza siku za kukaa.

Mimi ni mwalimu wa udereva, huu mwaka wa ishirini na mbili, wanafunzi wananiita Bwana Taratibu kwa sababu ndilo neno linalonitoka kutwa nzima, taratibu, achia klachi taratibu, na mke wangu ni mwalimu wa jiografia shule ya msingi, miaka ishirini na sita anachora volkano ubaoni, mlima kwa chaki nyeupe, uji wa moto kwa chaki nyekundu, watoto wanashangilia, kengele inalia, anafuta. Siku moja mwaka juzi alirudi nyumbani akakaa kwenye kochi hata viatu hajavua akaniambia, "Mume wangu, leo mtoto kaniuliza, mwalimu, wewe umeshaiona? Nikamwambia sijaiona. Akaniuliza, sasa umejuaje?" Akacheka, lakini mimi ninayemjua nikajua swali lile limemwingia.

Ndipo tukaanza kupanga safari, siku kumi na mbili, kwenda nchi ile ya volkano ambayo ni mwendo wa siku mbili kutoka kwetu, na kwa kuwa huko ndani hakuna hoteli wala nyumba ya mtu tukanunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, hadi leo ukifungua mlango wa nyuma unasikia njaa, nikaligeuza chumba kwa mikono yangu, kitanda cha mbao chenye droo chini, tangi la maji, jiko dogo la gesi, taa mbili, na yeye akashona godoro, akaanza na mapazia. Sebuleni picha yetu ya harusi imehamishiwa kwenye korido na mahali pake pametundikwa ramani kubwa kama shuka, ina pini nyekundu pa kulala na pini za bluu pa kujaza maji, na mke wangu anaijua yote kwa kichwa, uwanda wa mawe meusi yaliyotoka chini yakiwa moto yakaganda, kilomita mia mbili na themanini bila kituo cha mafuta wala mtandao wa simu, halafu bonde linalofuka moshi wa salfa, halafu madimbwi ya maji yanayochemka yenyewe, na mwisho mlima wenyewe, unaopandwa kwa miguu alfajiri na mlinzi wa hifadhi. Anajua hadi upepo wa tairi unapunguzwa kiasi gani kwenye majivu, ananiuliza mimi maswali kama mtahini, na mimi mwenye fani yangu nakosa.

Sasa tatizo, mshauri, ni macho yangu.

Miezi minne iliyopita nilikuwa barabarani na mwanafunzi, msichana wa duka la vitambaa, siku yake ya tisa, na gari letu la shule lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, akatokea mtu wa baiskeli kutoka upande wangu, upande wangu kabisa, nami sikumwona, aliyekanyaga breki ni yule msichana. Mwenye baiskeli akatutukana ukoo mzima akaenda zake, na msichana akaniuliza, "Mwalimu, ulikuwa unanipima?" Nikamjibu, "Ndiyo, na umefaulu." Mungu anisamehe.

Nikaenda kwa daktari wa macho akaniambia ni presha ya macho, pembeni kumeshaingia giza, naona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, akanipa dawa ya matone asubuhi na jioni, akasema nikiitumia bila kuruka siku huenda hiki kilichobaki nikabaki nacho miaka mingi, ila usukani ndio basi. Nikasema asante daktari, nikashika mkoba wangu, nikatoka, nikaingia kwenye gari nikaendesha hadi nyumbani. Kazini nimesingizia mgongo, barabarani nimemwachia mwenzangu, mama mmoja mtulivu sana, mimi nimebaki na uwanja wa mazoezi na darasa la alama, ila asubuhi bado naendesha mwenyewe kwenda kazini kwa sababu njia ile naijua, na matone nayaficha kwenye sanduku la zana, chini ya spana.

Nyumbani sijasema. Kwanza nilimwambia mke wangu giaboksi inalia, akasubiri wiki mbili. Kisha nikamwambia nimesikia redioni kwamba mlima umeanza kutoa moshi, akanijibu, "Si ndio tunachokifuata?" Mwisho nikachomoa nyaya za plagi nikazitia ndani ya buti langu la mvua, nikamwambia gari limekufa. Yeye akamwita fundi nikiwa kazini, fundi akafungua boneti akamwambia mama, gari zima hili, kuna mtu kachomoa nyaya. Niliporudi nikamkuta amekaa mezani ameinamia sufuria ya mboga, hakupiga kelele, angepiga ningeshukuru, alisema tu, "Kama umenichoka niambie. Gari halina kosa." Mimi nikabaki kuitazama ile sufuria. Kesho yake akahamisha mto wake na blanketi kwenda kulala kwenye lile gari, pale uani, na mdogo wake, yaani shemeji yangu, dereva wa lori la kokoto, anayekata kona kama anafukuzwa na nyuki, ameshajitolea kumpeleka huko kwenye volkano shule zikifunga, na zinafunga baada ya wiki sita.

Utaniuliza kwa nini nisiseme. Mshauri, ngoja nitoe yote. Miaka kumi na minane iliyopita mke wangu aliniomba nimfundishe kuendesha, nikampeleka uwanja wa mazoezi, siku ya pili akirudi nyuma akagonga pipa la maji likamwagika lote, na wanafunzi wangu walikuwapo wamejipanga wanatazama, nami nikasema kwa sauti, "Jamani, mwalimu wa jiografia hajui nyuma iko wapi!" Wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Alizima gari, akanikabidhi ufunguo, akatembea kwa miguu hadi nyumbani, na tangu siku hiyo hajagusa usukani wala hajaniomba tena, na mimi sikumwambia twende, kwa sababu, niseme ukweli, nilipenda kuwa dereva peke yangu. Sokoni kila Jumamosi mimi, msibani mimi, harusini mimi, akitaka kwenda popote lazima anitafute. Nimefundisha watu zaidi ya mia sita na mke wangu hayumo. Sasa nikimwambia sioni, mimi ni nani pale nyumbani? Nitakuwa mzigo wa kushikwa mkono, na ataniona hivyo, na naogopa ile huruma yake kuliko giza lenyewe.

Je, nimwache aende na shemeji? Nimwambie? Au niendeshe tu mwenyewe taratibu, maana volkano iko mbele, haiko pembeni? Nisaidie, nateseka.

Wako,
Bwana Taratibu

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Taratibu,

Pole sana. Kuambiwa kwamba kazi uliyoipenda imefika mwisho, halafu ukalibeba jambo hilo peke yako miezi minne, si mchezo, na sitakucheka kwa kuogopa. Nimemaliza pole. Sasa tugombane.

Unaendesha gari na huoni pembeni! Wewe, mwalimu! Njia unaijua, sawa. Na mtoto atakayeikatiza kesho asubuhi na begi lake mgongoni, naye unamjua? Hizo funguo ziweke mezani leo, uende kazini kwa basi au kwa miguu kama wenzako. Na kesho kabla ya saa nne uwe umeshamweleza mkuu wako wa kazi habari ya macho. Macho, si mgongo. Mgongo wako haujakukosea chochote. Darasa la alama huenda likabaki lako, huenda usikose kazi kabisa, lakini muulize yeye. Nimeona una tabia ya kuchukua maswali ya kuwauliza wengine ukajijibu mwenyewe.

Lile wazo lako la kwamba volkano iko mbele haiko pembeni nililisoma kwa sauti hapa ofisini, mhariri akashika kichwa. Usilirudie mahali popote.

Na yule msichana wa duka la vitambaa, mtafute umwambie ukweli. Alimwokoa mtu, ana haki ya kujua hivyo.

Haya, tuje kwa mkeo. Unasema unaogopa atakuonea huruma. Baba wewe, huruma ataipata wapi wakati hajui lolote? Anachokiona ni mume anayeivunja safari yake kipande kipande, leo giaboksi, kesho redio, keshokutwa nyaya kwenye buti. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Macho? Nani afikirie macho! Amefikiri ambacho mke yeyote angefikiri, na amekuambia wazi mezani, nawe ukakaa kimya. Hapo ndipo nilipokukasirikia hasa. Mtu anakuuliza kama umemchoka, unamjibu kwa kutazama sufuria?

Mwambie kuhusu macho kwanza. Jinsi ulivyoenda kwa daktari, alichosema, dawa iko wapi. Baada ya hapo ndipo uje kwenye pipa, na hapo naomba uwe mwangalifu, kwa sababu wanaume wengi mkifika hapo mnasema "kama nilikuudhi nisamehe," kana kwamba hamna hakika. Wewe una hakika. Mwambie: nilikucheka mbele ya watu, nikakuacha utembee peke yako, na nikafurahi kwamba hukurudi. Itauma kusema. Yeye imemuuma miaka kumi na minane na kila Jumamosi amepanda gari lako kwenda sokoni bila kunung'unika.

Najua unachokiwaza sasa hivi. Umeshakaa mkao wa mwalimu, unasema basi nitamfundisha mwenyewe. Thubutu! Ulishapewa nafasi hiyo. Kama mkeo anataka kujifunza, atafundishwa na yule mama mtulivu mwenzako, na wewe siku hizo hutaonekana uwanjani hata kwa mbali. Na nimesema kama anataka. Labda atataka. Mwanamke anayejua upepo wa tairi kwenye majivu haogopi gari. Labda pia atasema usukani hautaki, atafute dereva mwingine mwenye akili timamu, ninyi wawili mkae nyuma mtazame nje. Vyovyote atakavyosema ni sawa, safari hii ni yake, yeye ndiye aliyeulizwa na mtoto. Shemeji wa kokoto tu ndiye nashauri mumshukuru kwa moyo wake mwema na mumwache na kokoto zake.

Akikubali kujifunza, likizo hii isahauni. Leseni ya majuzi haipeleki mtu kilomita mia mbili na themanini za mawe makali bila simu. Shule zitafunga tena mbele, na mlima umekaa pale muda wote huo hautahama kwa ajili ya miezi michache. Katikati hapo aendeshe kwenye mvua, kwenye kilima, kwenye mchanga, na aliendeshe gari lenyewe tangi likiwa limejaa maji na mizigo imo ndani, maana hapo ndipo linapokuwa zito na breki zinachelewa, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Laleni humo wikiendi mbili tatu karibu na nyumbani, muone nani anakoroma. Muulize daktari wako matone yanatunzwaje safarini, kwa sababu sanduku la zana juani si kabati la dawa, na kuanzia leo yakae mahali mkeo anapoyaona, akukumbushe. Safari ikifika, wewe utakaa kiti cha pembeni, ambacho ndicho umekikalia miaka ishirini na mbili na kulisha familia, ushike ramani na kusema barabara ikoje huko mbele unakoona vizuri. Neno taratibu unaruhusiwa mara mbili kwa siku.

Kuhusu wewe ni nani bila usukani, hilo sitakujibu. Nenda kamuulize mtu aliyelala kwenye kitanda ulichokipigilia misumari mwenyewe, chenye droo chini, kwa ajili yake.

Mdomo ukikushinda, mpe ukurasa huu asome, barua yako na jibu langu vyote. Lakini asome ukiwa umekaa mbele yake. Usitoke kwenda kujifanya unakagua tairi. Akilia, kaa. Akikugombeza, na atakugombeza, kaa. Wewe unajiona umebeba habari mbaya ya kumpelekea. Baba, kwa alivyo sasa hivi, ameshika sindano na pazia la mwisho huku akiamini mumewe hamtaki, hiyo yako itakuwa habari njema.