Mtalii wa Sebuleni

Jumamosi, Brussels. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyomlowesha mtu lakini hayamwachi akauke. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Nipo mtaa wa Schaerbeek, ghorofa ya tatu, kwenye kochi. Katika Ulaya nzima, mahali ninapopajua vizuri ni hapa kwenye kochi. Nikigeuza shingo kidogo naiona tramu ikipita chini, imejaa watu wanaokwenda wanakotaka.

Likizo hii niliisubiri sana. Kazini Dodoma niliwatambia wenzangu hadi wakanichoka: nitapiga picha kwenye uwanja mkuu wa jiji, ule wenye majumba ya nakshi za dhahabu, nitapanda treni hadi Bruges nikaone mifereji. Leo mmoja ameniandikia, "Shosti, mbona picha hatuzioni?" Sijamjibu. Nimtumie picha ya pazia?

Mwenyeji wangu ni Maman Odette, mtu wa Lubumbashi, mjane wa Mjomba Fidelis, kaka yake mama. Mjomba aliondoka nyumbani nikiwa mdogo, akaoa hukuhuku, na mwaka jana akafariki. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuja kumzika. Mara viza, mara nauli, mara ruhusa ya kazi. Tulipiga simu, tukalia kwenye simu, tukakata.

Kwa hiyo nilipomwandikia Maman Odette kwamba nakuja kutembea na naomba pa kulala, akajibu upesi karibu sana, nilifurahi. Nikanunua raba mpya za kuzurura nazo.

Sikujua kwamba ameshatangaza.

Siku ya kwanza nilivaa raba zangu, nikashika mwavuli, nikamkuta amesimama mlangoni na kitenge mkononi. "Bon, Rehema, toa ile ma-basket, uvae hii," akaniambia. "Bantu banakuya kukuona. Famille ya papa imefika." Yaani watu wanakuja kuniona, familia ya Mjomba imefika. Nikadhani ni majirani wawili watatu, wanywe chai waondoke, nami nishuke mjini.

Wanakuja kila siku. Wakongo wa Molenbeek, Watanzania wa Liège, akina mama wa kanisani. Wanaingia kimya, wananishika mkono kwa mikono yao miwili, wananipa pole. Wengine wanalia upya. Nami nakaa chini ya picha ya Mjomba kwa niaba ya ukoo mzima, napokea pole za mtu ninayemkumbuka kwa peremende alizokuwa akitutumia. Kisha tunakula bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwao. Wakitoka hawa, kengele inalia, wanaingia wale. Huwezi kutoka kwenda kutembea wakati watu wamekuja kwa ajili yako. Hilo sikuhitaji kuambiwa, hata kwetu ni vivyo hivyo.

Naona haya kuandika hili. Jana mzee mmoja alikuwa akisimulia jinsi Mjomba alivyomkuta kwenye stesheni ya Gare du Midi, mgeni kabisa, anatetemeka kwa baridi, akavua koti lake akamvisha. Mzee alikuja amelivaa lile koti makusudi, nilione. Nikawa natikisa kichwa, huku moyoni najiuliza kama treni ya Bruges bado ningeiwahi.

Leo mchana nimeshindwa kuvumilia. Jumatatu narudi nyumbani. Wageni walipoondoka nikamfuata Maman Odette jikoni, alikuwa anaosha vikombe, nikayasema yote kwa pumzi moja. Kwamba hakuna aliyenituma. Kwamba nilikuja kutalii tu. Kwamba najiona kama nimefungiwa ndani.

Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

Hakugeuka. Alimaliza kikombe alichokishika, akakifuta.

"Najua, mutoto," akasema. "Uliniandikia, nilisoma bien. Lakini toka papa alikufa, bantu banauliza: familia yake iko wapi? Alikuwa muntu bila bantu? Mi sikuwa na jibu. Alors, wewe ulikuya, jibu njo wewe."

Akafungua droo, akaniwekea mezani kadi yake ya tramu. Kesho niende nikaone mji, akasema. Watakaokuja baada ya misa atawaambia naumwa kichwa.

Sasa kadi ninayo, na ufunguo uko mlangoni. Hakuna anayenizuia, na hapo ndipo nilipobanwa kweli. Jana ningeweza kumlaumu yeye. Nikienda, kesho kengele italia, atafungua mlango peke yake, na lile swali litaingia pamoja na wageni. Mjomba aliyevua koti lake stesheni, aambiwe hana watu?

Nimempigia mama. Nimemwambia kesho avae vizuri, awaite wadogo zake wote, wakae karibu na simu. Nitawasha video, niipitishe kwa kila mgeni, wapeane pole uso kwa uso. Mama akauliza kama Maman Odette atakubali kuongea naye. Nikamwambia ajiandae tu.

Kwa hiyo kesho nayo ni ya kochi. Kitenge nimekipiga pasi. Kadi ya tramu nimeirudisha kwenye droo, na raba nimezirudisha kwenye boksi lake, soli bado nyeupe.

Inauma, sitadanganya.